Kuahirisha Si Kusamehewa: Somo la Foleni za Kazi Ndani ya Kerneli



Ndugu zangu, msafiri wa mwezi wa Ramadhani ameruhusiwa kula, lakini siku alizokula hubaki shingoni mwake mpaka azilipe. Kuahirisha ni ruhusa, si msamaha. Naanza na jambo hili tunalolijua sote kwa sababu ndilo lililonifungulia somo lililonitesa mwaka wa tatu: namna kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inavyoahirisha kazi zinazoletwa na makatizo.

Katizo ni ishara ambayo kifaa huipelekea prosesa kusema, "Data imefika, njoo uichukue." Prosesa huacha ilichokuwa ikifanya, huendesha sehemu fupi ya draiva tutakayoiita kipokeaji, kisha hurudi ilikotoka. Kwenye Linux, kipokeaji kikiwa kazini, makatizo mengine ya prosesa hiyo kwa kawaida husubiri. Ndiyo maana kipokeaji kirefu ni dhuluma kwa wengine.

Tuhesabu. Chipu ya siriali aina ya 16550 ina nafasi ya baiti 16 tu zinazoingia. Kwa mwendo wa biti 115,200 kwa sekunde, kila baiti ikitumia biti 10 pamoja na ya mwanzo na ya mwisho, huingia baiti 11,520 kwa sekunde. Nafasi zote 16 hujaa kwa takriban milisekunde 1.4. Ukichelewa zaidi ya hapo, data inapotea.

Kwa hiyo kazi hugawanywa mara mbili. Kipokeaji hutoa baiti kwenye chipu, huziweka kwenye bafa ya kumbukumbu, huandikisha kazi kwenye foleni, na kuondoka. Baadaye uzi wa kerneli huichukua kazi hiyo na kufanya yale mazito: kukagua data, kuipanga, kuiandika kwenye diski. Linux huiita foleni hiyo workqueue, na FreeBSD huiita taskqueue. Uzi unaweza kulala ukisubiri diski. Kipokeaji hakiwezi, kwa kuwa prosesa kimeiazima tu kwa programu iliyokatizwa.

Nilijifunza haya kwa kukosea mara tatu, nikiandika draiva ya kifaa cha kupima unyevu wa udongo kwa ajili ya mradi wangu.

Kosa la kwanza: niliandika kwenye diski humohumo ndani ya kipokeaji. Kerneli ililalamika, kisha kompyuta ikaganda. Hilo lilikuwa kosa jepesi, maana lilijitangaza lenyewe.

Kosa la pili halikupiga kelele. Nilidhani vipimo vitatu vikifika, kazi yangu itaitwa mara tatu. Sivyo. Ukiita queue_work na kazi hiyo bado inasubiri kwenye foleni, haiongezwi mara ya pili. FreeBSD nayo huiendesha mara moja, ila huhesabu mara ilizoombwa na kuipa kazi hesabu hiyo. Kazi yangu ilitoa kipimo kimoja kila ilipoitwa, viwili vikabaki. Bafa ikajaa, vipimo vipya vikaanza kumwagika kimyakimya. Grafu yangu ilipendeza, na ilikuwa ya uongo. Nilikuwa nimekwisha kuikabidhi. Ilinibidi nirudi kwa mwalimu wangu kumwambia kwamba vipimo nilivyompa si kamili. Ilikuwa aibu, lakini takwimu ni amana.

Dawa yake ni fupi: kazi isihesabu imeitwa mara ngapi, bali izunguke mpaka bafa iwe tupu. Na katizo likija kazi ikiwa katikati? Linux huifuta alama ya kusubiri kabla ya kuanza kuiendesha, kwa hiyo katizo hilo huweza kuiandikisha tena.

Kosa la tatu lilitokea nilipoiondoa draiva. Nilirudisha kumbukumbu huku kazi ikiwa bado kwenye foleni. Uzi ulipoifikia, ulikuta bafa haipo, na mfumo mzima ukaanguka. Hapa nikakumbuka darsa la mirathi: deni la marehemu hulipwa kabla ya mali kugawanywa. Utaratibu ni huu. Kwanza, kiamrishe kifaa kinyamaze. Pili, jitoe kwenye katizo kwa free_irq. Tatu, subiri kazi iishe kwa flush_work. Mwisho, rudisha kumbukumbu. Ukigeuza la pili na la tatu, katizo moja linaweza kupenya katikati na kuandikisha deni jipya wakati umeshafunga daftari.

Zoezi kwa anayesoma somo hili mwaka huu: kitumishe kifaa chako mistari yenye namba mfululizo, kisha ifanye diski iwe na shughuli nyingi kwa wakati huohuo. Kagua namba moja baada ya nyingine. Ikikosekana hata moja, usiikabidhi grafu. Tafuta kwanza ni wapi deni halikulipwa: kwenye chipu, kwenye bafa au kwenye foleni.

Mimi sikulifanya zoezi hilo mpaka nilipokwisha kuaibika. Nawaombea nyinyi mtangulie.

Wabillahi tawfiq.