SOMO LA WIKI: KWA NINI BOMBA LA GESI HALIFIKI IKUTI

Mama lishe wa Ikuti, wilayani Rungwe, anaponunua mtungi wa gesi ni rahisi kudhani kuwa amenunua gesi ya Mtwara. Sivyo. Gesi ya mitungi inayouzwa nchini huletwa kwa meli kutoka nje, kisha hupandishwa nyanda za juu kwa magari. Bei yake hufuata soko la dunia, thamani ya shilingi na gharama za uchukuzi.

Gesi asilia ni bidhaa nyingine. Haigeuki kimiminika kwa kushindiliwa tu kwenye mtungi wa kawaida, hivyo njia yake kuu nchini ni bomba. Na bomba halijengwi kwa sababu gesi ipo. Hujengwa pale sera ya Serikali inapompata mnunuzi mkubwa wa uhakika.

Ushahidi upo. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, lakini ilifika Dar es Salaam mwaka 2004, wakati mitambo ya umeme ya Ubungo na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill vilipokuwa tayari kuinunua. Bomba la Mtwara, lililozinduliwa mwaka 2015 kwa mkopo wa China wa takriban dola bilioni 1.2, nalo lilijengwa kwa kutegemea mitambo ya umeme, hasa ile ya Kinyerezi.

Mkoa wa Mbeya wenyewe unalo somo. Bomba la TAZAMA, lenye kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, linapita mkoani humo tangu mwaka 1968. Lilijengwa kwa ajili ya mafuta ya Zambia, baada ya njia yake ya kusini kuwa mashakani. Bomba humhudumia aliyeko mwishoni. Aliyeko njiani hulitazama likipita.

Je, Ikuti haipati kitu? Inapata. Gesi asilia huchomwa Dar es Salaam, ikawa umeme, ikasafiri kwa nyaya za gridi ya Taifa. Mwenye mashine ya kusaga anayetumia umeme huo ni mteja wa Mtwara bila kujua.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa mitungi asisubiri habari za visima vya kusini ili kukisia bei. Atazame meli, dola na dizeli. Na anayetaka bomba lipande milimani aulize kwanza: nani huko atanunua gesi nyingi, kila siku, kwa miaka 20?