Mnyama, Mke na Mtoto Chini ya Mkono Mmoja

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Jua, ewe msomaji, kuwa Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameweka katika kitabu chake Minhaj mlango wa nafaqa, yaani masurufu yampasayo mtu kuwapa walio chini ya mkono wake. Mlango huo waanza kwa mke, wafuata kwa wazazi na wana, kisha mtumwa, na karibu na mwisho wamtaja mnyama. Mwenye mnyama yampasa kumlisha na kumnywesha. Akikataa hulazimishwa amlishe, au amuuze, au amchinje ikiwa ni wa kuliwa. Baada ya hapo ndipo zatajwa nyumba na mifereji, vitu visivyo na roho, kuwa mwenyewe halazimiki kuvitengeneza. Basi mpaka uliowekwa ni roho.

Wanafunzi wengi husoma mas'ala haya ya mnyama wakapita upesi, kwa kudhani kuwa ni kijalizo cha mlango. Si kijalizo. Mkono unaomnyima maji punda ndio ule ule unaoshika mfuko wa masurufu ya mke, na tabia ya mkono haigawanyiki.

Imepokewa na Muslim kuwa Abu Mas'ud al-Ansari alikuwa akimpiga kijana mtumwa wake, akasikia sauti nyuma yake. Alipogeuka alimwona Mtume (s.a.w.), akimjulisha kuwa uwezo wa Mwenyezi Mungu juu yake ni mkubwa kuliko uwezo wake yeye juu ya kijana yule. Abu Mas'ud akamwacha huru pale pale. Angalia kuwa hakuulizwa kijana amekosa nini. Lililotajwa ni uwezo. Na mke, mtoto na paka wote ni sawa katika jambo hili, kwamba mwenye nyumba awaweza.

Wataalamu wa zama hizi wamelifikia jambo hilo kwa kuhesabu. Mwaka 1983 huko New Jersey, katika Marekani, zilichunguzwa nyumba 53 zenye wanyama, ambazo watoto wake walikuwa wameteswa au kutupwa bila ya kuangaliwa. Katika 60 kwa mia ya nyumba hizo wanyama nao walifanyiwa hivyo hivyo. Na katika zile ambazo watoto walipigwa, hesabu ilifika 88 kwa mia. Mwaka 1998 ilitangazwa khabari ya wanawake 38 wa Utah waliowakimbia waume zao. Miongoni mwa wale waliokuwa na mnyama, 71 kwa mia walisema kuwa mume alitisha kumdhuru mnyama huyo, au alimdhuru, au alimwua. Na katika Victoria, Australia, mwaka 2008, wanawake 102 walioteswa walilinganishwa na 102 wasioteswa: katika wa kwanza zaidi ya nusu walisema mume alimdhuru mnyama, na katika wa pili hapana hata mmoja aliyesema hivyo.

Hesabu hizi zisichukuliwe zaidi ya kadiri yake. Wengi wa walioulizwa ni watu ambao nyumba zao zilikwisha kuharibika, na haiwi kila mwenye kumpiga punda kuwa humpiga mkewe. Kumtuhumu mtu bila ya yakini ni haramu. Lakini kuuliza hali ya jirani si kumtuhumu.

Namna ya dhulma hii ni kuwa mnyama hufanywa ulimi wa vitisho. Mume amtupa paka ukutani mbele ya wana, wala hasemi neno. Mke amekwisha fahamu. Au asema kuwa ukienda kwenu, utamkuta mbuzi wako amekufa. Baadhi ya wanawake wale wa Utah walichelewa kukimbia kwa kumhofia mnyama wao. Kwa sababu hiyo jimbo la Maine, mwaka 2006, lilikuwa la kwanza katika Marekani kumtia mnyama katika amri ya kadhi ya kumkinga mwenye kudhulumiwa.

Wako wasemao kuwa mbwa ni najisi, basi hapana ubaya kumpiga mawe. Huu ni ujinga wa fikihi. Unajisi wataka kuosha, hautoi ruhusa ya kuumiza. Na imesihi kuwa yuko aliyesamehewa madhambi yake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, kama ilivyosihi kuwa yuko aliyeingia motoni kwa paka aliyemfungia asimlishe.

Na mwalimu wa chuo akimwona mtoto amchoma kifaranga kwa kijiti, na kicheko chake si cha mchezo, asikimbilie bakora. Bakora humzidishia somo alilokwisha kulipata kwingine. Amwite kando, amuulize kwa upole: umeona nani akifanya hivi? Jawabu huenda ikamwumiza mwalimu, kwani baba ni mtu wa safu ya mbele msikitini.

Mume akishikwa kwa hayo hukimbilia Aya ya Suratun Nisaa. Lakini Imam Shafi amesema kuacha kupiga ndiko bora, na Mtume (s.a.w.) hakupata kumpiga mwanamke kwa mkono wake. Tena katika Minhaj hiyo hiyo imeandikwa kuwa mume amwudhiye mkewe bila ya sababu, kadhi humkataza, na akirudia humtia adabu. Siku hizi makadhi wa Kenya na Unguja huhukumu ndoa, talaka na mirathi. Khabari ya kipigo hupelekwa polisi, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu wa nyumbani.

Liko jambo jingine wanawake wengi hawalijui. Mbuzi au kuku wa mke ni mali ya mke. Mume akimwua kwa hasira yampasa alipe thamani yake, na ndoa haimwondolei deni hilo. Naye mke atakaye kuondoka aweza kumweka mnyama wake kwa jirani kuwa ni amana. Jirani akikubali, yampasa kumlisha na kumnywesha. Akimwacha bila ya chakula hata akafa, atadhamini. Ikiwa hakupewa chakula chake, amrudie mwenyewe au wakili wake, na asipowapata aende kwa kadhi.