Hata Yesu Aliwaambia Rafiki Zake



Somo: Mathayo 26:36-46.

Tuliotoka Bariadi, Maswa au Itilima tunaijua safari hii. Unapanda basi, unapita Lamadi, unaingia Mwanza kusoma SAUT pale Malimbe, au unaunganisha hadi Dodoma. Nyumbani pamba imeuzwa, pengine na ng'ombe, ili wewe usome. Sasa bumu limechelewa, una sapu mbili, unaogopa kudisko, usingizi hauji. Mama akipiga simu unasema, "Mimi mzima tu." Jumapili unaimba kwaya vizuri kabisa. Ukirudi chumbani unalia.

Wengine wetu tunadhani kusema ni kukosa imani. Hebu tumtazame Bwana wetu. Kila Jumanne na Ijumaa tunalisali tendo la kwanza la uchungu, lakini tunalipita haraka. Pale bustanini Yesu aliwachukua Petro na wana wawili wa Zebedayo, akawaambia wazi kwamba huzuni imemzidi, akawaomba wakae naye macho. Kisha akasogea mbele kidogo akasali. Alifanya yote mawili: alimwambia Baba, na aliwaambia rafiki. Sisi tunafanya moja tu, tena tunaliita imani.

Ila rafiki wale walilala. Kukesha na mwenzako ni kazi, na inajifunzwa.

Wenzetu wa Uganda, ng'ambo ya ziwa, walilijaribu hili mwaka 2002 katika vijiji vya Masaka na Rakai. Watu wenye sonona walikaa katika vikundi vidogo, mara moja kwa wiki, kama saa moja na nusu, kwa wiki 16. Viongozi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa huko huko waliopewa mafunzo ya wiki mbili. Mwishoni, waliobaki na sonona vikundini walikuwa asilimia 6.5. Vijiji ambavyo havikuwa na vikundi, walikuwa asilimia 54.7.

Nasi wana TMCS tunaweza kuanza na vitu vinne:

1. Muwe wachache, watano hadi wanane, na siku isiyobadilika.
2. Kinachosemwa hapo kibaki hapo. Kisigeuzwe umbea, wala "nia ya sala" ya kumtaja mtu mbele ya wote.
3. Sikiliza kwanza. Usikimbilie "sali tu, yataisha".
4. Mwenye mafunzo awaongoze. Mwombeni mshauri wa wanafunzi au padre mlezi awasaidie kumpata.

Na hili msilisahau: mwenzenu akisema anataka kufa, hiyo si siri ya kikundi tena. Msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali usiku huo huo, na mshauri wa wanafunzi ajulishwe. Kumpeleka si kumsaliti. Wale wanne wa Marko 2 walitoboa hata dari kumfikisha mgonjwa kwa Yesu.

Tujiulize: Ni nani anayesema "mimi mzima tu", na mimi najua si kweli? Nitamtafuta lini wiki hii?

Tusali: Ee Yesu, uliyeomba rafiki wakae nawe usiku wa huzuni, utuondolee aibu ya kusema na uvivu wa kusikiliza. Utuamshe, tukeshe na wenzetu. Amina.