TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: JINO NALO NI AMANA



Leo naanza na kosa langu mwenyewe. Jino langu la mbele, la juu, lilitoboka kidogo. Halikuuma, nikaliacha. Lilipoanza kuuma nikaweka karafuu, nikanunua vidonge duka la dawa, nikasema nitaenda baada ya Ramadhani. Ukweli niliogopa sindano na koleo. Nafika hospitali shavu limeshavimba, daktari akaniambia, "Shehe, ungewahi tungeliziba tu." Likang'olewa.

Wiki ile madrasa mtoto akaniuliza, "Ustadhi, mbona thaa yako inatoka kama sini?" Mnaosoma tajwidi mnajua: thaa, dhaal na dhwaa hutoka ncha ya ulimi ikigusa ncha za meno ya mbele ya juu. Watoto wale wale nimewafundisha mlango wa mswaki! Ile aibu sijaisahau.

Ndugu yangu, tunamwogopa daktari wa meno kwa sababu tunamwendea siku ya kung'oa tu. Tundu likiwa dogo anaziba, unarudi nyumbani. Ukingoja, maumivu yanazidi na gharama inazidi, halafu unawaambia wenzako "kule kunauma." Hofu tunaitengeneza wenyewe.

Mtume wetu (s.a.w.) alieleza kuwa lau si kuuhurumia umma wake, angeuamrisha mswaki kwa kila swala. Hata katika maradhi yake ya mwisho, Bibi Aisha (r.a.) alimlainishia mswaki akautumia. Sisi wazima tunalala na sukari ya uji wa futari mdomoni.

Kuna anayesema, "Nimefunga, siwezi." Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, Jeddah, mwaka 1997, lilipitisha kwamba kuziba, kung'oa na kusafisha jino hakubatilishi saumu, maadamu hukumeza kitu. Sindano ya ganzi nayo si chakula. Na mgonjwa aliyezidiwa ana ruhusa ya kufungua, atalipa.

Kazi ya leo: piga mswaki baada ya futari na baada ya daku, kabla ya adhana ya Alfajiri. Sisi Mashafi tunaukirihisha baada ya jua kupinduka, lakini usiku mzima ni wako. Simamia na watoto. Kisha wiki hii mpeleke mmoja wa nyumbani kwako hospitali ya wilaya pale Makandana akaangaliwe meno, *kabla hayajauma*. Ukiogopa, twende wote.

Allah atuhifadhie viungo vyetu tumtaje navyo. Aamiin.