Piyaya: Uliza Kwanza Ng'ombe Walipo

Wakala mmoja wa safari hapa Karatu, ambaye jina lake nalisitiri kwa kuwa azma yangu si kumkatia riziki, aliwauzia jamaa zangu wa Pangani, waliokuja kunizuru mwezi wa Februari, ziara aliyoisifu kuwa ya nyumbu, mila na maziwa ya Kimasai katika kijiji cha Piyaya. Siku hiyo homa ilinilaza, wakaenda bila mimi. Wakarejea usiku na picha tele za nyumbu, na habari ya boma lisilo na mtu wala mbuzi, ambamo dereva alitoa kibuyu kipya cha kuuziwa watalii, akakijaza maziwa ya pakiti mbele ya macho yao, kisha akawanywesha na kuwaambia kwamba hiyo ndiyo ladha ya Umasaini. Shangazi yangu, mtu mzima aliyekula chumvi nyingi, alikinusa kibuyu kile, akakirudisha kwa taratibu, akasema, "Mwanangu, hiki hakijapata kuona moshi." Maneno hayo yalinichoma. Mimi nilifundisha shule katika wilaya ya Ngorongoro kabla ya kustaafu, na nimekula na kulala katika nyumba za watu wale. Kusikia kwamba ukarimu wao umeuzwa kwa jamaa zangu ndani ya pakiti kulinikera kuliko fedha zilizopotea. Nilipopata nguvu nikawachukua mwenyewe, tukaenda tena.

Naandika haya kwa ajili ya msomaji atakaye kufanya safari hiyo pasipo kuhadaiwa, na nimekusudia kuyapanga katika mambo manne: njia, msimu, zawadi na chakula.

Njia si jambo la kutuchelewesha. Kutoka Karatu unapanda hadi lango la Lodoare, unalipa kiingilio, unapita juu ya ukingo wa kreta ulio zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, ambako baridi ya asubuhi humfanya mtu wa pwani ajute kuacha blanketi, unateremka upande wa Olduvai, kisha unaiacha barabara kuu ya Serengeti na kushika kaskazini, Milima ya Gol na jabali la Nasera vikiwa upande wako wa kuume, hata utoke nje ya Hifadhi ya Ngorongoro. Iko njia nyingine ya Mto wa Mbu, Engaruka na Ngare Sero, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, yenye mandhari ya kupendeza na mawe ya kuua magurudumu. Chukua Land Cruiser ya zamani yenye chasi ndefu. Matairi ya akiba yawe mawili, uyaone kwa macho yako kabla ya kutoa arubuni, maana wenye magari ni wepisi wa kuapa. Ukifika, ripoti kwanza kwa mtendaji wa kijiji na umuulize mipaka, kwa sababu mwaka 2022 Serikali ilitenga kilomita za mraba 1,500 ziwe eneo la uhifadhi la Pololeti, na mahali ambapo mzee alichunga tangu utoto wake huenda leo pasikanyagwe bila ruhusa. Wazee hulitaja jambo hilo kwa uchungu. Mgeni mwenye adabu husikiliza.

Sasa msimu. Mawakala wote watakuambia uende kati ya Januari na Machi, nyumbu wanapozaa, na katika hilo hawasemi uongo. Majivu ya volkano za Kerimasi na Lengai yameenea juu ya nyanda zile kwa karne zisizohesabika, na mvua imeyeyusha chokaa iliyomo na kuigandisha chini ya udongo kama sakafu ya nyumba ya mawe, hata mizizi ya miti ikashindwa kupenya. Yakabaki majani mafupi yenye madini mengi ambayo nyumbu mwenye mimba huyatafuta kwa safari ndefu. Sehemu kubwa ya ndama huzaliwa katika muda wa wiki tatu hivi, aghalabu asubuhi, na ndama husimama baada ya dakika chache. Katikati ya umati huo utaona ndege mdogo mwenye kiuno cheupe, ambaye wataalamu humwita Oenanthe oenanthe, akirukaruka juu ya mawe. Wenziwe walioangulia mayai Alaska, kule Aktiki, walifungwa vyombo vidogo vya kumbukumbu, na habari iliyochapishwa mwaka 2012 ikathibitisha kwamba huruka zaidi ya kilomita 14,000 kuja Afrika ya Mashariki kukimbia barafu. Nilipomwonyesha shangazi ndege huyo alinyamaza kitambo, akasema ni mgeni aliyetoka mbali kuliko sisi na hajamsumbua mtu.

Lakini mawakala hawakwambii neno moja, ama kwa ujinga ama kwa hila: kwamba nyumbu wanapokuja, ng'ombe huondoka. Hili ndilo nililotaka kulisema tangu mwanzo, na mengine yote msomaji anaweza kuyapata kwa mtu yeyote. Ndama wa nyumbu, katika miezi yake ya kwanza, hutoa kwa majimaji ya pua na macho virusi ambavyo havimdhuru yeye wala mama yake, bali ng'ombe akivipata huwaka homa, macho yake huingia ukungu, pua hutokwa na usaha, na ni nadra sana apone. Wafugaji huuita ugonjwa wa nyumbu, na waliujua kabla ya maabara yoyote kujengwa katika nchi hizi. Wao husema unatoka katika kondo la nyuma linaloachwa majanini, na ijapokuwa wataalamu wameelekeza kidole kwa ndama mwenyewe, shauri la pande zote mbili ni moja, nalo ni kuwatenga ng'ombe na mazalio ya nyumbu.

Virusi hivyo vilitambuliwa mwaka 1960 nchini Kenya na Walter Plowright pamoja na wenziwe, na ni bwana huyo huyo aliyeitengeneza chanjo ya sotoka, maradhi yaliyofagia ng'ombe wa Wamasai katika miaka ya 1890 na kuleta njaa iliyosimuliwa na kila kizazi. Chanjo ikawaokoa ng'ombe. Na kwa kuwa ng'ombe hawakuambukiza tena, nyumbu nao wakapona, wakaongezeka kutoka kiasi cha robo milioni mwaka 1961 hata wakapita milioni moja na laki tatu mwaka 1977. Nyanda ambamo zamani mifugo ilichungwa wakati wa mvua, majani yakiwa mabichi, zikajaa nyumbu wanaozaa, na mfugaji akalazimika kupanda kwenye miinuko yenye miti wakati ule ule ambapo majani bora yako chini. Yule ng'ombe aliyekingwa na sotoka akafukuzwa malishoni na nyumbu waliopona kwa sababu yake. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi, na bado naliona kuwa ni mojawapo ya mambo mazito kabisa katika historia ya nchi ile. Wala sijamsikia mwongoza watalii hata mmoja akilieleza.

Kwa hiyo jamaa zangu walipelekwa katika boma lililo chini, penye nyumbu, mwezi wa Februari. Wenyewe walikwisha kuhamia kwenye ronjo zao za juu, yaani kambi za muda za mifugo, pamoja na ng'ombe, na kwa sababu hiyo maziwa yalikuwa juu, wazee wakawa juu, na akina mama pia walikuwa juu. Chini palibaki miiba ya ua na dereva mwenye pakiti. Ama wakala hakujua, ama alijua na hakujali.

Basi fanya hivi. Usiulize nyumbu wako wapi, maana nyumbu huonekana na kila mwenye macho. Uliza ng'ombe wa Piyaya wamehamia wapi, na swali hilo usilipeleke kwa mwenye ofisi yenye picha za simba ukutani, bali katika duka la dawa za mifugo. Hapa Karatu liko duka la mama mmoja wa Kiiraqw, lenye harufu ya dawa ya kuogeshea inayokukaribisha kabla ya mlango, na mbele yake, hasa zinapokaribia siku za mnada, hukaa wafugaji waliotoka pande zote za wilaya wakisubiri kununua dawa ya kupe na za sindano. Nilimwamkia, akaniitikia, akasema, "Mwalimu, wewe huna hata kuku, unatafuta dawa gani?" Nilipomweleza, hakunijibu yeye, aliita kijana aliyevaa katambuga, aliyekuwa akihesabu fedha zake kivulini. Kijana aliniamkia kwa heshima, akapiga simu. Kaka yake alikuwa juu ya kilima mahali mtandao unaposhika, na katika muda mfupi nilijua kilima, jina la mwenye ronjo, hali ya njia na kwamba mvua ilinyesha juzi. Maarifa hayo hayakunigharimu kitu ila soda. Wakala alikuwa ametoza fedha ambazo zingenunua mbuzi kadhaa, na alikuwa na gari, ramani na tovuti, asijue.

Tulikwenda na kijana huyo akiwa kiongozi wetu kwa ujira tuliopatana mbele ya mama mwenye duka. Tulipiga hema karibu na ronjo, si ndani yake. Siri yote ya safari ya Piyaya ni hii: lala kwa ng'ombe, shinda kwa nyumbu. Alfajiri tuliteremka kwa miguu hata ukingoni mwa uwanda, tukakaa chini ya mgunga, na kwa kuwa hatukuwa na gari la kuwashtua, nyumbu walizaa mbele yetu wakati jua linapanda. Fisi wakapita, na kijana akatuonyesha nyayo za mbwa mwitu, wanyama waliotoweka katika hifadhi ya Serengeti mwanzoni mwa miaka ya 1990 lakini wakabaki huku, kando ya watu na mifugo yao. Kabla ya magharibi tulipanda kurudi, ili tuwahi kukamua.

Hapo mzee mwenye ronjo alitusimamisha nje ya ua. Aliangalia viatu vyetu, akauliza tulipita wapi, akamwambia kijana alete maji. "Mwalimu," alisema, "siwafukuzi. Nyinyi mmekanyaga kwa nyumbu, na hapa pana ndama wangu." Tulivua viatu, tukavisugua, tukaviacha juani juu ya miiba hadi kesho yake, tukaingia pekupeku. Sikumwambia maneno ya maabara. Mtu aliyepoteza ng'ombe kwa maradhi yale ana haki ya kulilinda ua lake kwa namna anayoiona, na mgeni anayetaka kuingia na aje na viatu vya pili.

Zawadi ziwe sukari na majani ya chai. Mimi huchukua sukari ya TPC ya Moshi na Chai Bora, na sina sababu ya kubadili. Peremende usiwape watoto. Watoto wale hukuinamishia kichwa ili uwaguse kwa mkono, na heshima hiyo hairudishwi kwa kitu kinachooza meno.

Nilisema nitakuja kwenye chakula, nacho kilianza kwa mama wa nyumba ile, ambaye sote tulimwita Yeyo. Alichukua kijiti cha oloirien, yaani mzeituni mwitu, akakichoma hata ncha ikawa kaa jekundu, akakitia ndani ya kibuyu na kuusugua ukuta wake, moshi ukitoka mdomoni, akakung'uta majivu, akamimina maziwa. Yale ya asubuhi huwa matamu yenye harufu ya moshi. Yaliyolala siku kadhaa huganda na kupata ukali wa kupendeza, na ndiyo yaliyo bora kwa ugali. Shangazi alipokea kibuyu kwa mikono miwili, akanusa, akanitazama, akanywa, akaomba tena. Tangu aliporudi Pangani amekwisha niletea salamu nyingi za kumwulizia Yeyo kuliko za kuniulizia mimi.

Neno la nyama ni hili, na Waislamu walisikie. Katika orpul, kule porini wanaume wanakokula nyama, desturi ni kumziba mnyama pumzi, damu isipotee. Mwenye dini yake na aseme mapema, kabla mbuzi hajaletwa, wala asione haya. Mzee wetu aliposikia, alimpa binamu yangu kisu chake mwenyewe, akamwonyesha kaskazini ilipo, upande wa vilima vya Loliondo, akasimama kando hata bismillahi ikatimia. Mbavu zilichomwa kwenye vijiti mbele ya moto, na mifupa ikapikwa mchuzi na magome ya olkiloriti, mchungu wa kukunja uso, ambao mzee alisema humwondolea mtu uzito wa miguu. Tulikunywa, na kesho yake tuliteremka tena uwandani pasipo kuchoka.

Malipo ya kijiji yatoe ofisini, uchukue stakabadhi. Ujira wa kijana mpe kijana. Lakini maziwa katika nyumba ya Kimasai ni mamlaka ya mwanamke. Yeye ndiye hukamua, hugawa na huamua nani anywe kiasi gani, kwa hiyo fedha ya maziwa itie mkononi mwa Yeyo, mbele ya mumewe, kwa mkono wako mwenyewe. Usimpe dereva ampelekee.