Unauza mashine ya akiba ya mtumbwi? Angalia kuwaka kwanza, rangi baadaye

Somo la leo ni la sisi tunaouza vitu vilivyotumika kupitia simu. Tunajifunza kuchagua injini ndogo ya boti, ile ambayo mwenye mtumbwi anaibeba kama akiba. Wavuvi wengi wanaiita mashine, na mimi nitaiita hivyo hivyo.

Huku Kihanga ni migomba na kahawa. Wateja wangu wa mashine wako mbali: Kemondo, Muleba, visiwani Bumbire na Goziba. Wanaona picha, wanauliza bei, wanatuma hela. Macho yao ni mimi. Nisipokagua mimi, atakayegundua ubovu ni yeye akiwa katikati ya Ziwa Victoria usiku.

Mashine ya akiba ina kazi moja tu: kuwaka siku ile kubwa imegoma. Siku hiyo mtu hatafuti mbio, anatafuta kufika nchi kavu. Kila hatua hapa chini inajibu swali hilo hilo: itawaka na itamfikisha?

1. ULIZA MTUMBWI KWANZA
Kabla hujatafuta mzigo, mwambie mteja achukue futi, apime kuanzia juu ya ubao wa kufungia mashine hadi chini ya mtumbwi, akutumie picha. Mguu mfupi wa mashine unafaa ubao wa kama sentimita 38 (inchi 15), mguu mrefu kama sentimita 51 (inchi 20). Mashine ikishafungwa, ile sahani bapa iliyo juu ya propela inatakiwa iwe usawa wa chini ya mtumbwi au ishuke kidogo. Mguu ukiwa mfupi, kila wimbi likija propela inashika hewa. Injini italia sana na mtumbwi hausogei.

2. UZITO NA MAFUTA
Usimsukumie mteja mashine kubwa kwa sababu ina faida zaidi. Ya farasi 15 inapita kilo 35, na kuna mtu ataibeba mwaloni kila siku. Kama mtumbwi ni mdogo na mzigo si mwingi, ya 8 inaweza kumtosha. Mtumbwi mrefu unaobeba watu na dagaa, hapo ongelea 15.

Uliza pia mashine kubwa inatumia mafuta gani. Zile za tuu-stroku zinachanganywa petroli na oili. Nyingi ni 50 kwa 1, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli, lakini fuata kitabu cha mashine husika. Foo-stroku inakunywa petroli tupu, oili yake inakaa ndani. Kubwa na ndogo zikiwa aina moja, mvuvi hachanganyikiwi gizani.

Na hili mwambie kila mteja: akiba iwe na dumu lake dogo la mafuta safi. Kama kubwa imezimika kwa sababu mafuta yana maji, ukiichomeka ndogo kwenye tenki lile lile nayo itazimika. Hapo ni sawa na mtu asiye na akiba.

3. IJARIBU IKIWA YA BARIDI
Ukifika kwa anayeuza, gusa injini kabla hujasema chochote. Niliwahi kuonyeshwa ya 15, rangi inang'aa, bei ya kutupa. Nikaigusa, ya moto. Nikamwambia nitarudi kesho asubuhi, asiiguse. Kesho yake tulivuta kamba mpaka mikono ikachoka, wapi! Niliiacha pale pale.

Nzima inawaka kwa kuvuta mara tatu, nne hivi, choki ikiwa sawa. Usiwashe kavu hata kidogo. Mpira wa pampu ya maji unaungua haraka. Tumia pipa, maji yapite juu ya matundu yanayovuta maji kwenye mguu. Fundi awepo, na mikono ikae mbali na propela. Ikishawaka angalia kale kamkondo ka maji ya kupozea kanakoruka pembeni. Kakiwa dhaifu, huenda pampu imechoka au njia zimeziba.

Iache ikimbie dakika 10 hadi 15 kwa mwendo mdogo. Ingiza gia ya mbele, kisha ya nyuma. Zima. Washa tena ikiwa ya moto, maana kuna zinazowaka baridi halafu zikipata joto zinagoma. Pipa halionyeshi nguvu ya kusukuma mzigo, kwa hiyo jaribio la mwisho ni ziwani, mtumbwi ukiwa na watu.

4. ANGALIA NDANI
Mambo manne, fundi wa kawaida anayaweza:
- Toa plagi, pima kompresheni kwa geji. Kama ina silinda mbili, zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi.
- Legeza skrubu ya chini ya gia boksi, angalia oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yanaingia.
- Zungusha propela kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa na plagi zimetolewa. Shafti ikicheza au kuyumba, huenda iligonga mwamba.
- Uliza ilikotumika. Iliyotoka pwani imekunywa maji ya chumvi. Ukiona ukungu mweupe mgumu na skrubu zilizoliwa, jua njia za maji ndani zinaweza kuwa hivyo hivyo, hata kama nje imepigwa rangi.

5. MASHINE NI YA NANI?
Wavuvi wanaporwa mashine ziwani, na mashine hizo zinatafuta wanunuzi kama sisi. Soma namba iliyo kwenye kibati. Ikiwa imekwaruzwa au kibati hakipo, ondoka, hata bei iwe nzuri vipi. Dai risiti, andikeni mkataba wenye namba hiyo, nakala ya kitambulisho na shahidi. Kama imetoka mwaloni, piga simu kwa viongozi wa BMU wa mwalo huo. Simu moja inaweza kukuepusha na kituo cha polisi.

6. HESABU NA KUTANGAZA
Bei ya kununulia siyo gharama yako yote. Mfano wa hesabu tu, siyo bei ya soko: umenunua 1,500,000. Plagi, mpira wa pampu na oili ya gia 120,000. Fundi 50,000. Usafiri 80,000. Tayari uko 1,750,000. Ukiuza 1,700,000 ukidhani umepata laki mbili, umekula hasara ya elfu hamsini.

Mpira wa pampu badilisha wewe kabla ya kuuza, hata kama unaonekana mzima. Kisha piga video moja isiyokatwa: mkono ukigusa injini ya baridi, kamba ikivutwa, maji yakiruka, gia zikiingia. Chini yake andika ubovu wote uliobaki: mkwaruzo, kifuniko kilichopasuka, propela iliyonyooshwa. Mteja akisoma kasoro kutoka kwako, anaamini na mazuri unayoyasema.

Kabla ya kusafirisha, toa mafuta yote. Mashine yenye petroli haipandi basi. Mkubaliane kwa maandishi siku ngapi za kuijaribu majini, na nani analipa nauli ikirudi.

Ukimaliza hatua zote na bado una wasiwasi, usiiuze kama akiba. Iuze kama spea, kwa bei ya spea, na uandike hivyo. Faida itapungua, lakini hakuna mtu atakayeitegemea usiku.

Mwenye swali aulize kwenye komenti. Ukituma picha ya kibati, ficha namba kwanza.