Hilful-Fudhul na Vyama vya Wafanyakazi

Ndugu mmoja katika wasomaji wetu ametuuliza: Je, yafaa Mwislamu kujiunga na chama cha wafanyakazi, na hali wengi wa wenziwe humo si Waislamu? Ameongeza kuwa mzee mmoja wa mtaani kwao humwambia kwamba kugombania mshahara ni kupenda dunia, na mwenye subira hungojea ujira wake Akhera.

Jawabu ni hili. Kabla ya kupewa utume, naye Mtume (s.a.w.) ni kijana wa karibu miaka 20, alifika Makka mfanya biashara mmoja, mtu wa Zabid katika nchi ya Yaman. Alimwuzia bidhaa zake Al-Aas bin Wail, mmoja wa wakubwa wa Kikureshi, naye akazitwaa, na thamani yake akaizuia. Mgeni yule akaziendea koo zilizokuwa na mapatano na Al-Aas, zikamfukuza. Hapo akapanda jabali la Abu Qubais wakati wa kuchomoza jua, Makureshi wamekaa kandokando ya Al-Kaaba, akapaza sauti kudai haki yake. Akainuka Zubeir bin Abdulmuttalib, ami yake Mtume, na watu wa Bani Hashim, Zuhra na Taim wakakusanyika nyumbani kwa Abdullahi bin Jud'aan. Wakaapa kuwa watakuwa mkono mmoja pamoja na aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka arudishiwe haki yake. Kisha wakamwendea Al-Aas, wakaitoa mali ile mikononi mwake na kumrudishia mwenyewe.

Mtume alihudhuria kiapo hicho, na baada ya utume alikisifu, akaeleza kwamba lau angeitwa kwa jambo kama lile katika Uislamu angeitika. Basi na tuangalie: walioapa walikuwa washirikina. Hawakukusanywa na dini wala na ukoo wa mdhulumiwa. Walikusanywa na haki. Na yule mtu wa Yaman alipodai peke yake hakupata kitu.

Mji wetu wa Mombasa umeyaona mambo ya namna hii. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandarini, wa reli, wa mahotelini na wa majumbani, waliacha kazi kwa karibu siku 12. Walikutana katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, watu wa makabila na dini mbalimbali. Kibarua wa bandari alilipwa kwa siku. Siku isiyokuwa na meli hana kitu, na kodi ya chumba haingoji meli. Likaundwa baraza la kuamua, na mishahara ikaongezwa. Lakini Chege Kibachia, kiongozi wao, alikamatwa Agosti mwaka ule ule akawekwa kizuizini miaka mingi. Leo Katiba ya 2010, katika kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na ya kugoma.

Ama hiyo subira, Nabii Musa (a.s.) alipoajiriwa Madyan alitajiwa muda wake waziwazi: miaka 8, na akipenda mwenyewe, 10. Wala hakuambiwa afanye kazi kwanza, mengine yataonekana. Na Mtume ametufunza kwamba anayemtumia mtu kazi kamili kisha asimpe ujira wake, hasimu yake Siku ya Kiyama ni Mwenyezi Mungu mwenyewe. Mzee yule angalianza kumwaidhia mwenye kuzuia mshahara.

Chama nacho kina mipaka. Kikimtetea mwizi kwa kuwa ni mwanachama, hiyo ni asabiya. Mapatano yaliyotiwa saini yashikwe, na michango ya wanachama ni amana.

Lililo zito zaidi liko kwetu wenyewe. Zipo kamati za madrasa zinazomlipa mwalimu mwezi huu, zikamruka miezi miwili, na akiuliza huambiwa kazi yake ni ya Mungu. Kazi ni ya Mungu, lakini deni ni la kamati. Mwalimu huyo akiungana na wenziwe wakadai pamoja, hana lawama katika sharia. Na haki yake hulipwa kabla kamati haijaitisha mchango wa jengo jipya.